Kuendesha Ukumbi wa Kijiji kwa Nguvu za Watu wa Kujitolea: Ratiba, Fedha, Milango na Paa

Ukumbi wa kijiji unaoendeshwa na watu wa kujitolea hauanzi kufa kwa kukosa pesa. Huanza kufa siku yule mmoja aliyekuwa akishika funguo, ratiba, hesabu na namba ya simu ya fundi bomba anapohama, anapougua au anapochoka tu. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja kinachojirudia: je, kazi hii mtu mwingine anaweza kuipokea leo na kuiendeleza kesho bila kumpigia simu aliyeiacha? Kama hawezi, hapo ndipo pa kurekebisha, kabla ya kununua hata kiti kimoja kipya.

Jengo ni la nani

Itafuteni hati ya kiwanja na muisome wenyewe. Kumbi nyingi zimekaa miaka na miaka kwenye kiwanja kilichotolewa kwa maneno, au kilichoandikwa jina la mtu mmoja aliyeaminika. Mtu huyo akifariki, warithi wake wana haki ya kuuliza maswali, na kamati haina jibu. Hati iwe kwa jina la chombo kilichosajiliwa, au la wadhamini wasiopungua watatu wanaoshika mali kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini mmoja akiondoka, jina lake lifutwe na la mwingine liandikwe mwaka huohuo. Nakala moja ikae nje ya ukumbi, kwa sababu ukumbi ukiungua hati nayo huungua.

Katiba ya ukumbi haihitaji kuwa ndefu, kurasa nne au tano zinatosha. Iseme ukumbi ni kwa ajili ya nani, kamati inachaguliwa vipi, akidi ya kikao ni watu wangapi, nani anatia sahihi benki, na mali itakwenda wapi ikiwa ukumbi utafungwa. Kipengele hiki cha mwisho watu hukiruka kwa kuona kinaleta mkosi. Kiandikeni. Wafadhili wengi hukitafuta kabla ya kusoma kitu kingine.

Kamati

Watu 7 hadi 9 wanatosha. Chini ya 5, kikao hakikamiliki mmoja akisafiri. Zaidi ya 12, kila jambo huahirishwa. Wekeni ukomo wa kipindi, kwa mfano miaka mitatu, na mpange theluthi moja ya wajumbe watoke kila mwaka ili kamati isiondoke yote kwa mkupuo. Aliyetoka anaweza kugombea tena, lakini mkutano mkuu ndio uamue.

Mbali na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna kazi mbili ambazo kamati nyingi huziacha zikielea: msimamizi wa ratiba na msimamizi wa jengo. Zisishikwe na mtu mmoja. Wa ratiba anazungumza na watu kutwa kucha. Wa jengo anahitaji muda wa kupanda juu ya dari na kufuata mafundi. Anayeshika zote mbili ataacha moja, na kwa kawaida ataacha ile isiyopiga simu, yaani paa.

Mjumbe ambaye ana biashara inayoweza kuuzia ukumbi kitu, au ndugu anayeomba zabuni, aseme mapema na atoke nje wakati jambo hilo linaamuliwa. Katibu aandike kwenye muhtasari kwamba alitoka. Mstari huo mmoja huzima maneno ya mtaani ambayo yangechukua mwaka mzima kuyajibu.

Kabrasha la ukumbi

Tengenezeni kabrasha moja, la karatasi, lenye nakala kwa watu wawili. Ndani yake muwe na: mchoro unaoonyesha koki kuu ya maji, swichi kuu ya umeme na mtungi wa gesi kama upo, orodha ya mafundi na simu zao, tarehe za bima, ukaguzi wa umeme na huduma ya mitungi ya kuzimia moto, orodha ya walio na funguo, na ukurasa mmoja mmoja kwa kila kazi, ulioandikwa na anayeifanya. Ukurasa huo useme kinachofanyika kila wiki, kila mwezi na kila mwaka, na vitu vinavyohitajika viko wapi. Njia nzuri ya kuujaribu ni kumpa mtu asiyejua kazi hiyo na kumwambia aifanye huku mwenye kazi amenyamaza pembeni. Kila anapokwama, ukurasa una pengo.

Ratiba: daftari moja, mkono mmoja

Migogoro mingi ya ukumbi huzaliwa kwenye ratiba. Kanuni ya kwanza ni daftari moja tu, liwe la karatasi au la kwenye simu. Kalenda mbili zinazotakiwa kulingana hazilingani hata wiki moja. Wajumbe wote wanaweza kupokea maswali, lakini anayeandika ni mmoja, na msaidizi wake akiwa hayupo.

Kila shughuli iwe na hali mojawapo kati ya mbili: "imeshikwa" au "imethibitishwa". Kushikwa ni kwa siku 7 tu. Amana isipolipwa, siku inarudi wazi bila mjadala. Kuthibitishwa ni baada ya risiti. Maingizo yaliyokamilika yanafanana na hili:

Jumamosi tarehe 14. Kuandaa kuanzia saa 6:00 mchana. Shughuli saa 8:00 mchana hadi saa 3:00 usiku. Usafi hadi saa 4:00 usiku. Sherehe ya familia, watu 110, meza 14. Muziki: ndiyo, mwisho saa 3:00. Jina na simu ya anayewajibika. Amana imelipwa, risiti 0231. Ufunguo namba 4.

Angalieni mambo mawili katika ingizo hilo. La kwanza, muda wa kuandaa na wa kusafisha umo ndani. Ukiandika muda wa shughuli tupu, walioingia saa 8:00 watakuwa wameanza kupanga viti saa 6:00, na kikundi cha mazoezi kitakuwa bado kimo ndani. Acheni angalau nusu saa kati ya shughuli na shughuli. La pili, kila saa ina neno lake: asubuhi, mchana, usiku. Simu huandika 14:00, sisi tunasema saa nane, na mtu anayejaza fomu akisoma kwenye kioo cha simu huweza kuandika "saa 2". Hilo tu limetosha kuleta familia mbili mlangoni siku moja. Msimamizi arudie saa kwa sauti na kwa neno la wakati kabla ya kuandika.

Vikundi vya kila wiki ndivyo vinavyoubeba ukumbi, kwa sababu hulipa hata miezi ambayo hakuna sherehe. Vipeni mkataba wa miezi mitatu au minne, na humo muweke kifungu kinachoruhusu kamati kuwaondoa kwa siku moja yenye jambo kubwa la kijiji, kwa taarifa ya wiki nne, na bila taarifa ikiwa ni dharura kama mafuriko. Bila kifungu hicho, kila uchaguzi na kila msiba mkubwa utaleta ugomvi.

Makubaliano ya kukodi yakae ukurasa mmoja, pande mbili. Yasiyokosekana ni haya:

- jina la mtu mzima mmoja anayewajibika na atakayekuwapo mwanzo hadi mwisho;
- idadi ya juu ya watu, na kwamba milango ya kutokea haifungwi kwa kufuli wala kuzibwa;
- saa ya kuzima muziki na saa ya kutoka, zikiwa tofauti;
- kinachorudishwa na kinachokatwa kwenye amana, na ndani ya siku ngapi;
- nini hutokea aliyekodi akighairi: kwa mfano, zaidi ya siku 30 kabla anarudishiwa yote, kati ya 30 na 7 nusu, chini ya 7 hapati kitu;
- kwamba vyombo vya umeme vinavyoletwa ni salama, na atakayelipa kikiharibu kitu ni aliyekileta.

Amana huleta chuki pale inapokatwa bila ushahidi. Pigeni picha sita kabla ya kukabidhi ufunguo: sakafu, jukwaa, jiko, vyoo viwili, na viti vilivyopangwa. Pigeni zilezile sita baada ya kuupokea. Picha zikiwa za pembe ileile, hakuna cha kubishania.

Funguo ziwe na namba, zisiandikwe jina la ukumbi. Kila inayotoka isainiwe. Ikipotea moja, badilisheni kitasa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya wizi wa viti 100. Hakikisheni kitasa ni cha aina ambayo tumbo lake, yaani sehemu inayoingia ufunguo, linabadilika bila kung'oa mlango.

Bei ya saa moja

Kosa la kawaida ni kuiga bei ya ukumbi wa jirani. Hesabu ni fupi, ifanyeni kila mwaka. Gawanyeni gharama mafungu mawili. Za kudumu mtazilipa hata ukumbi ukifungwa: bima, ada za mwaka, ukaguzi, ulinzi, akiba ya matengenezo. Za matumizi huja na kila saa: umeme, maji, sabuni, karatasi za choo, usafi.

Tuseme za kudumu ni 1,800,000 kwa mwaka, za matumizi ni 500 kwa saa, na daftari la mwaka jana linaonyesha saa 600 zilizokodiwa kweli. Gharama yote ni 1,800,000 jumlisha 300,000, yaani 2,100,000. Kila saa inagharimu 3,500. Vikundi vya kijiji vinachukua saa 400 na sherehe za watu binafsi saa 200. Mkivitoza vikundi 2,000 mnapata 800,000. Zinazobaki ni 1,300,000, ambazo ukigawa kwa saa 200 ni 6,500. Hiyo ndiyo bei ya sherehe ikiwa hakuna chanzo kingine cha fedha. Kikundi chochote, hata kipendwe vipi, kisilipe chini ya 500 ya matumizi, kwa sababu hapo ukumbi unapoteza kila anapowasha taa.

Gawanyeni kwa saa zilizokodiwa, kamwe msigawe kwa saa ambazo ukumbi uko wazi. Anayegawa kwa saa zote za mwaka hupata bei tamu na kufilisika kimyakimya. Na kabla ya kupandisha bei, tazameni saa tupu: kwa kawaida asubuhi za siku za kazi hazina mtu. Darasa la wazee, kliniki ya watoto, mafunzo ya ufundi au mikutano ya ofisi huziba pengo hilo, na kila saa ya ziada inashusha mzigo wa kila mwingine.

Akiba ya matengenezo ni asilimia 1 hadi 2 ya gharama ya kulijenga jengo upya, kila mwaka. Kwa ukumbi mdogo inaonekana nyingi. Anzeni na mnachoweza, lakini iwe na akaunti yake, isichanganywe na fedha za umeme. Mbali na hiyo, lengeni kuwa na gharama za kudumu za miezi sita benki. Katika mfano wetu ni 900,000.

Fedha mkononi

Fedha zote ziingie benki kabla ya kutumika, hata zile za jana usiku. Sahihi mbili kwa kila malipo, wenye sahihi wasiwe wa nyumba moja. Kwa malipo ya simu, namba isajiliwe kwa jina la chombo pale inapowezekana, na taarifa yake ichapishwe kila mwezi.

Kwa vitu vidogo, mpeni msimamizi wa jengo fungu la kudumu, tuseme 20,000. Akitumia 13,400 analeta risiti za 13,400 na kujaziwa hizohizo. Wakati wowote pesa na risiti zikijumlishwa lazima zifike 20,000. Zisipofika, tatizo mnaliona siku hiyo na si mwisho wa mwaka. Mweka hazina alinganishe daftari na taarifa ya benki kila mwezi, na mjumbe mwingine atie sahihi kwamba ameona. Amana za waliokodi ziandikwe kwenye safu yake. Hizo si zenu, na kamati iliyozinunulia rangi hujikuta ikikopa ili kuzirudisha.

Watu wangapi, milango mingapi

Hapa hapana nafasi ya kukisia. Pimeni eneo la sakafu linalotumika, ondoeni jukwaa, stoo na njia. Ukumbi wa mita 12 kwa 18 una mita za mraba 216. Ukiondoa 30 zinabaki 186. Kwa viti vya safu bila meza kadirieni mita za mraba 0.7 kwa mtu, yaani watu 265. Kwa viti na meza, 1.4 kwa mtu, yaani 132.

Sasa pimeni milango. Kadirieni milimita 5 za upana wazi kwa kila mtu, na mchukulie kwamba moto umeziba mlango mmoja, ule mpana zaidi. Kama mna milango miwili ya milimita 900, inabaki mmoja, nao unatoa watu 180. Basi hata kama sakafu inabeba 265, idadi yenu ni 180. Namba ndogo ndiyo inayotawala. Kanuni za zimamoto za mahali penu zikitoa namba ndogo zaidi, fuateni hiyo. Iandikeni ukutani na kwenye makubaliano.

Ukumbi unaochukua zaidi ya watu 50 uwe na milango inayofunguka kuelekea nje. Umati unaosukuma hauwezi kurudi nyuma ili mlango wa kuvutia ndani ufunguke. Na kufuli kwenye mlango wa dharura, "ili watu wasiingie bila kulipa", ni kosa linaloua. Wekeni komeo la kusukuma kwa mkono au kwa kiwiliwili, linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Kabla ya kila shughuli anayewajibika afungue kila mlango kwa mkono wake mpaka mwisho na atazame nje: mara nyingi mlango wenyewe ni mzima, ila nyuma yake limeegeshwa gari.

Safu ya viti yenye njia upande mmoja isizidi viti 7. Yenye njia pande zote mbili, 14. Njia kuu iwe na upana wa mita 1.1. Viti vyepesi vya plastiki vifungwe vinne vinne, kwa sababu wakati wa taharuki vikianguka hugeuka mtego miguuni.

Mitungi ya kuzimia moto itofautishwe. Wa maji ni wa mbao, karatasi na vitambaa. Usipigwe kwenye umeme wala kwenye mafuta yanayowaka. Wa kaboni dayoksaidi ni wa umeme, ukae karibu na swichi kuu na jukwaa. Jikoni wekeni blanketi la moto. Mtungi wa unga huzima mengi, lakini ndani ya ukumbi uliojaa hutoa wingu linaloziba macho na pumzi, kwa hiyo si chaguo letu la kwanza. Kila mwezi angalieni mshale uko kwenye kijani na pini haijang'olewa. Wa kaboni dayoksaidi kwa kawaida hauna mshale, hupimwa kwa uzito. Mara moja kwa mwaka aje fundi mwenye sifa.

Umeme na maji

Fyuzi inayokatika kila sherehe haina ugonjwa wa ajabu. Kwenye umeme wa volti 230, njia ya ampea 16 inabeba takriban wati 3,700. Birika mbili kubwa za wati 2,200 ni 4,400, yaani ampea 19. Suluhisho ni fundi kuvuta njia nyingine hadi jikoni. Kuweka fyuzi kubwa kwenye waya uleule ni kuuandaa waya uungue ndani ya ukuta. Mpaka njia ipatikane, bandikeni karatasi juu ya soketi: birika moja kwa wakati. Waya wa kuunganishia uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kutumika, kwani ukiwa umejikunja hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Kikata umeme cha usalama cha miliampea 30 kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila miezi mitatu, na kisipokatika muiteni fundi siku hiyo.

Maji yaliyolala bombani ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, huzaa bakteria wa Legionella, na mtu huambukizwa kwa kuvuta matone yake madogo sana yanayoelea hewani. Bomba au bafu ambalo halijafunguliwa kwa wiki lifunguliwe taratibu kwa dakika chache, dirisha likiwa wazi. Tangi la maji ya moto liwe nyuzi 60.

Adui mkubwa ni maji ya paa

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 250 likipata mvua ya milimita 40 linapokea lita 10,000 katika siku moja. Maji hayo yote yanapita kwenye mifereji miwili na mabomba manne. Bomba moja likizibwa na kiota cha ndege, lita 2,500 zinatafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni ukuta.

Mifereji isafishwe mara mbili kwa mwaka: kabla ya msimu wa mvua na baada yake, au baada ya majani kupukutika. Iwe na mwinamo wa milimita 2 hadi 3 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Mimineni ndoo ya maji mwisho wa juu na mtazame. Yakituama katikati, kishikilio kimoja kimelegea. Chini ya bomba, maji yapelekwe mbali na msingi kwa mfereji wa zege, na ardhi iteremke kutoka ukutani. Ngazi isimame kwa uwiano wa 1 kwa 4: ikiegemea urefu wa mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu wa pili aishike, na hakuna kupanda peke yako, hata kwa "dakika moja".

Lipu inayobanduka chini ya ukuta ni dalili. Ukiikandika upya bila kujua maji yanatoka wapi, itabanduka tena ndani ya msimu mmoja. Tazameni kwanza umbali wa doa kutoka chini. Doa la chini lenye mstari wa chumvi nyeupe hutokana na maji ya ardhini au matone yanayorukia ukuta. Doa la juu kwenye kona ni mfereji. Doa katikati ya dari ni msumari wa bati uliolegea au kigae kilichopasuka. Mzibo wa msumari mmoja ni kazi ya nusu saa. Kenchi iliyooza ni kufunga ukumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na paani ukuta huo huwa wa bei kubwa kuliko popote.

Mara moja kwa mwaka, wajumbe wawili wazunguke jengo lote kwa saa mbili na karatasi: paa, mifereji, kuta, milango, sakafu, vyoo, uzio. Kila kasoro ipewe herufi: A ni hatari, ndani ya wiki, B itazidi kuharibika, ndani ya mwaka, C ni sura tu. Rangi ya mbele ya ukumbi ni C. Ni kawaida kamati kuanza na rangi kwa sababu inaonekana, kisha mvua ya kwanza inaichora ramani. Wakati mnazunguka, tafuteni pia vijia vya udongo vya mchwa kwenye kuta, na vipira vilivyotoka kwenye miguu ya viti. Kipira kimoja kilichokosekana kinatosha kukwaruza sakafu nzima.

Watu wa kujitolea

Ukiomba "watu wa kusaidia ukumbi", wanakuja walewale watatu. Ombeni kazi yenye mwanzo na mwisho: "tunahitaji wawili Jumamosi asubuhi, saa 2:00 hadi saa 4:00, kusafisha mifereji, glovu na ngazi zipo." Mtu akijua atatoka saa ngapi, huja. Akikuta vifaa havipo, harudi mara ya pili, na hapo kosa ni la aliyemwita.

Rudisheni nauli na gharama za vifaa kwa risiti, hata kwa wanaosema haina haja, ili asiye na uwezo asione aibu kudai. Shughuli zenye watoto ziwe na watu wazima wawili wakati wote, na kikundi kinachowaendesha kiwe na utaratibu wake wa ulinzi wa watoto ulioandikwa, ambao kamati imeuona. Bima iwataje watu wa kujitolea kwa jina la kundi lao: sera nyingi hulinda jengo na wageni, na kumwacha aliyeanguka kutoka kwenye ngazi yenu.

Kuuendeleza ukumbi

Kabla ya mchoro wowote, ulizeni. Dodoso la maswali matano, nyumba kwa nyumba, lina thamani kuliko mkutano ambao wazungumzaji ni wanne. Msiulize "mnataka nini?", kwani majibu yatakuwa bwawa la kuogelea. Ulizeni: ulitumia ukumbi lini mara ya mwisho, kwa nini hukuutumia zaidi, na ungelipia nini kila wiki. Sababu zinazojirudia huwa ndogo: mwangwi unaomnyima mzee kusikia, choo kisichofunga, giza kwenye njia ya kutokea, ngazi mlangoni.

Mwangwi hupungua kwa mapazia mazito na paneli laini za kufyonza sauti zilizofunikwa kitambaa kwenye kuta mbili zinazokutana pembe, si zinazotazamana pekee. Ngazi huondolewa kwa njia ya mteremko ya 1 kwa 12: mlango ulio juu kwa sentimita 45 unahitaji mteremko wa mita 5.4, upana wa mita 1.2, kishikio pande zote mbili, na uwanja tambarare wa mita 1.5 juu na chini. Mteremko mfupi zaidi huonekana mzuri kwenye picha, lakini mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuupanda peke yake. Choo chake kiwe na nafasi ya kuzungukia ya mita 1.5, na mlango ufunguke nje.

Kazi kubwa igawanywe awamu ambazo kila moja inaacha ukumbi ukitumika. Andaeni orodha moja ya kazi na vifaa, kisha muwape wakandarasi watatu orodha ileile. Bila hivyo mtalinganisha bei za vitu tofauti. Ongezeni asilimia 10 ya dharura kwa jengo jipya na 15 kwa la zamani, kwa sababu huwezi kujua kilicho nyuma ya lipu. Lipeni kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa. Zuieni asilimia 5 ya kila malipo kwa miezi 6 hadi 12 baada ya kukabidhiwa, na hakikisheni muda huo unapita angalau kwenye msimu mmoja wa mvua.

Siku ya makabidhiano dai michoro ya waya na mabomba kama yalivyowekwa kweli, dhamana zote na funguo zote, viingie kwenye kabrasha. Na kabla ya kuachia ile asilimia 5, ingieni ukumbini mvua kubwa ikinyesha, mkiwa wawili na tochi, mwangaze kila kona ya dari, kisha mtoke nje mkahesabu mabomba yanayomwaga maji. Yakiwa manne paani na matatu tu yanamwaga, fundi bado ana kazi.